Ukimtema, Anafunga

Mchezaji wa mpira aliyeishiwa kiwango ana njia nyingi za kukirudisha. Anaweza kuongeza mazoezi, kubadili kocha, kumwona mtaalamu wa saikolojia, au kufunga na kuomba. Yote hayo ni kujichosha bure. Njia ya uhakika ni moja tu: asubiri mimi nimuuze kwenye timu yangu ya fantasi. Nikishabonyeza kitufe cha kuthibitisha, mguu uliokufa ganzi tangu Oktoba unafufuka, na kabla jua halijazama upande wa Karagwe mtu ana mabao mawili, asisti moja, na amepiga magoti kwenye kona ya uwanja akimshukuru Mungu. Angenishukuru mimi. Ningekuwa na akili ya biashara ningeziandikia klabu za England barua, niwatoze ada kwa kila straika ninayemfufua kwa kumtema.

Kwa msomaji ambaye bado ana amani ya moyo na hajui ninachozungumza, nieleze kwa ufupi. Ligi Kuu ya England ina mchezo wake wa kwenye simu na kompyuta, ulioanza mwaka 2002, ambamo kila mtu ni kocha. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka klabu moja, na kila wiki kumi na mmoja kati yao wanakuletea pointi kwa yale wanayoyafanya uwanjani kwelikweli. Mshambuliaji akifunga unapata 4, kiungo 5, beki 6. Akikosa penalti unakatwa 2. Kila wiki unaruhusiwa kubadili mchezaji mmoja bure. Usipobadili, nafasi inawekwa akiba mpaka zifike tano. Ukizidisha, kila kichwa kinakugharimu pointi 4, na hiyo ndiyo tunayoiita hiti. Basi. Hapo ndipo watu wazima wa Bukoba, wenye ndoa na vibanja, wanapopotezea usingizi.

Pauni milioni 100, waitu! Mtu aliyekopa vocha Jumatatu, Ijumaa utamkuta anafoka kwamba milioni 7.5 ni nyingi mno kwa winga.

Ligi yetu ndogo ina makao makuu kwenye saluni moja ya kiume Hamugembe. Kinyozi ndiye mwenyekiti, kwa sababu ana televisheni na kwa sababu ana wembe. Mjumbe akiwa kwenye kiti chake, kidevu juu, huwa habishi sana. Zawadi ya bingwa ni ndoo ndogo ya senene waliokaangwa, waliokwisha kunyonyolewa mabawa na miguu, wakiwa wakavu wa kulia mdomoni. Anayeshika mkia hupewa adhabu: ananyolewa mtindo atakaoupenda mwenyekiti, na haruhusiwi kuvaa kofia wiki nzima, hata kanisani. Bingwa wa mwaka fulani sote tumeshamsahau. Yule aliyekwenda misa ya kwanza na kiduku watoto wa komunio bado wanamwonyesha kidole.

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe, Cole Palmer wa Chelsea.

Tarehe 28 Septemba 2024 kijana huyu aliifunga Brighton mabao manne, yote kipindi cha kwanza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwenye Ligi Kuu ya England. Pointi 25 kutoka kwa mtu mmoja. Mwenyekiti mikono ilimtetemeka akafunga saluni mapema, na mteja wake wa mwisho aliondoka na panki ambalo hakuliagiza. Tangu siku hiyo Palmer akawa mtu wa familia. Watu waliokuwa hawajui jina la diwani wao walijua kwamba Palmer hanywi maji kabla ya kupiga penalti. (Sijui walilitoa wapi hilo. Kijiwe kina vyanzo vyake.)

Januari 14, 2025, akafunga dhidi ya Bournemouth. Halafu kimya. Februari kimya. Machi kimya, tena Machi hiyohiyo akakosa penalti dhidi ya Leicester, yeye ambaye hakuwa amewahi kukosa hata moja kwenye ligi. Aprili kimya. Mechi 18 za mashindano yote bila bao. Na kila Ijumaa jioni pale saluni, kwaya ileile: “Wiki hii wako nyumbani.” “Wiki hii wanakutana na vibonde.” “Mnasahau penalti anapiga yeye.” “Mtu aliyefunga manne kipindi kimoja hawezi kukaa hivi, ni upepo tu.” Mwanzoni mwa msimu huyo ‘upepo tu’ alikuwa anauzwa milioni 10.5, hela ya mabeki wawili wazima na chenji juu.

Mimi nikafanya alichopaswa kufanya mtu mwenye akili timamu. Nilimuuza Ijumaa ya tarehe 2 Mei, kabla ya saa mbili na nusu usiku. Jumapili, tarehe 4 Mei, Chelsea wakaikaribisha Liverpool iliyokuwa imekwisha kutwaa ubingwa, na dakika za nyongeza ikapatikana penalti. Mnajua nani aliipiga. Tatu kwa moja.

Sikukosea. Mechi 18 ni ushahidi ambao hata Mahakama ya Mwanzo ingeupokea bila kuuliza swali. Lakini mwenyekiti hakuupokea. Alinipigia simu, na nilipopokea hakusema neno. Aliiweka simu katikati ya saluni nisikilize watu wakicheka.

Kijiwe chetu kina madhehebu mawili. La kwanza linaongozwa na mwalimu wa hisabati wa Rwamishenye, ambaye hamtemi mtu. Ana daftari kubwa, lile la mistari ya hesabu, na humo ameandika mabao tarajiwa: yaani kwa nafasi alizopata, mchezaji alistahili kufunga mangapi. “Takwimu zinaonyesha anastahili mabao sita,” atakuambia kwa sauti ya darasani, “kwa hiyo yatakuja.” Anastahili! Hata mimi nastahili nyumba ya ghorofa pale ufukweni, mbona haiji? Msimu wa 2025/26 mwalimu alianza na Mohamed Salah kwa milioni 14.5, kwa hoja ambayo, lazima nikiri, haikuwa na tundu: msimu uliotangulia Salah alifunga mabao 29, akatoa asisti 18, akavuna pointi 344, rekodi ya mchezo huu. “Mtu aliyekupa 344 hamtupi,” alisema. Novemba ikaisha, Desemba ikaanza, Salah anaanzia benchi, amejifunika koti, na mwalimu bado anachora grafu. Nshomile wenzake, yaani Wahaya wasomi, wanaamini kitu chochote kikishaandikwa kwenye daftari kinakuwa kweli.

Dhehebu la pili lina muumini mmoja, dereva wa Hiace ya Muleba, na huyo hamvumilii kiumbe. Mchezaji akikosa bao moja la wazi, Ijumaa hayupo. Anachukua hiti kila wiki: hasi nne, hasi nane, safari moja alikata kumi na mbili ili amwingize beki ambaye kumbe alikuwa na kadi nyekundu. Hata konda wake humbadilisha kwa mtindo huohuo. Nikipanda gari lake huwa sijisumbui kuuliza jina la konda. Cha kuudhi ni kwamba yeye na mwalimu, kwa njia zao tofauti kabisa, hufika mwisho wa msimu wakipishana pointi chache tu, wote wawili juu yangu.

Halafu kuna hesabu ya bei. Wachezaji wanapanda na kushuka thamani usiku, sisi tumelala. Ukimnunua mtu kwa milioni 10.0 akapanda hadi 10.2, siku ya kumuuza unapewa 10.1, nusu wanabaki nayo. Akishuka hadi 9.8, unauza kwa 9.8. Faida tunagawana nusu kwa nusu, hasara nabeba peke yangu. Mzee mmoja kutoka Muhutwe, aliyekuwa anasubiri zamu ya kunyolewa ndevu, alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho, akatema punje ya kahawa aliyokuwa akiitafuna, akauliza, “Kwa hiyo ni butura?” Tukanyamaza. Kwa ambao si wa Kagera: butura ni kuuza kahawa ingali mtini, maua au punje mbichi, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida ya leo haisubiri mavuno. Serikali imeipiga vita miaka na miaka. Mzee hakuongeza kitu. Alikalia kiti akafumba macho.

Lakini unyama mkubwa kuliko wote ni dakika ya 89. Sheria inasema mchezaji wako wa benchi ataingia kuchukua nafasi ya mwenzake ikiwa tu huyo mwenzake hakucheza hata dakika moja. Sawa. Umemshikilia mtu aliyepoteza namba kwa kocha wake, ukiomba basi asicheze kabisa, maana benchini una beki aliyefunga bao na timu yake haikuruhusu goli: bao 6, kutofungwa 4, muda wa kucheza 2, jumla 12, zinakusubiri. Uko kibanda umiza, umelipia benchi la mbao lisilo na mgongo, jasho la wenzako linakuhusu. Dakika ya 80, hajainuka. Ya 85, anapasha mwili moto kando ya uwanja, lakini kivivu. Ya 87, kocha anaita. Anavua fulana ya mazoezi taratibu. Anasikiliza maelekezo, anatikisa kichwa, anaonyeshwa karatasi yenye michoro. Anainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Dakika ya 89 anaingia, anakimbia kwenda mahali ambapo mpira haupo, filimbi inalia. Pointi 1. Na zile 12 zinabaki benchini. Mtu wa namna hiyo, waitu, hata ukimtema haitoshi.

Mwenye dhambi ya asili ni Mmarekani. Michezo hii ya kujifanya mmiliki wa timu ilivuma kutoka New York, ambako mwaka 1980 mwandishi mmoja, Daniel Okrent, na rafiki zake waliokuwa wakikutana kula kwenye mgahawa wa La Rotisserie Française walianzisha ligi yao ya besiboli, ule mchezo wa mtu kusimama na gongo (la mbao, si lile letu) akisubiri kurushiwa mpira. Kwenye besiboli, mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi ni nyota wa taifa. Na kila timu ya ligi yao kuu inacheza mechi 162 kwa msimu. Kwa hiyo Mmarekani akikuambia mvumilie mchezaji wako, huu ni mpito, usimtoe kwa sababu ya wiki mbili mbaya, anasema kweli yake: ana miezi ya kusubiri, wanacheza karibu kila siku. Wakatuuzia mchezo na ushauri wake. Mimi nina mechi 38. Mtu akilala usingizi kuanzia Januari hadi Mei, ligi imekwisha na kiduku kinanisubiri.

Nilikwenda Kamachumu kumsalimia mama, Jumamosi moja Palmer akiwa bado kimya, na hapo ndipo nilipoona kwamba kuna watu wanaoweza kutema. Safari yenyewe ilikuwa ya mateso kwa sababu ya saa. Muda wa mwisho wa kubadili wachezaji ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ikiwa ile ya mapema ya Jumamosi, kwetu ni saa saba mchana, na Waingereza wakisharudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa nane. Anayesahau hilo anaweza kukaa saa nzima akiomboleza bure. Mimi nilikuwa kwenye Hiace, tumeipita Kyetema, tumeipita Kemondo, mtandao unakuja na kuondoka, abiria wa pembeni kaweka kuku miguuni pangu, na mimi nimenyanyua simu juu kama padre na hostia, namtafuta mtu wa kuuza.

Nilimkuta mama kibanjani na panga. Kuna mgomba ulikuwa umeanza kunyauka, majani ya katikati yakilegea na kuwa ya njano ilhali mkungu bado uko juu. Mnyauko. Ugonjwa huu uliingia kwetu Muleba mwaka 2006, na wenye vibanja wanaufahamu kuliko wanavyofahamu mafua. Mama alichuma ndizi moja changa akaipasua, akanionyesha: ndani imekuwa ya kahawia, imeoza kabla ya kukomaa. Alipolichanja shina likatoa utomvu mzito wa njano. Kisha akalipitisha panga kwenye moto, pande zote mbili, kwa sababu panga hilohilo likigusa mgomba wa pili bila moto, umeubeba ugonjwa mwenyewe. Yale maua ya zambarau yanayoning'inia chini ya mikungu mingine alikuwa ameshayavunja kwa kijiti chenye panda, maana wadudu wanaoyatembelea ndio wanaosambaza.

“Mama,” nikamwambia, “huu si bado una majani mabichi? Ungeupa hata wiki mbili.”

“Wiki mbili za nini, mwanangu?”

“Labda utapona.”

“Ugonjwa huu hauna labda.” Akakata.

Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukosa muda wangu wa mwisho, nilimweleza habari za Palmer. Alinisikiliza huku akiburuta majani.

“Huyo kijana anaumwa nini?”

“Haumwi. Hafungi tu.”

“Analala vizuri?”

“Sijui, Mama. Yuko London.”

“Mama yake yuko wapi?”

“Sijui.”

“Mawe! Umemnunua mtu hujui hata mama yake.” Akasimama. “Mrudishe kwao apumzike.”

Nimeutafakari sana ukali wa mama, na nadhani nimepata siri yake. Mama anakata kwa sababu mgomba ukishakatwa, umekatwa. Haujawahi kuonekana Jumapili kwenye kibanja cha jirani umebeba mikungu miwili, jirani akikutumia picha na vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Hapo tu ndipo tunapotofautiana. Sisi hatuwashikilii wachezaji wabovu kwa sababu tuna matumaini nao. Msidanganywe na daftari la mwalimu. Tunawashikilia kwa kuogopa kuchekwa. Mtu ambaye sijawahi kuwa naye akifunga mabao matatu, mimi namalizia ndizi zangu na maharage, nanawa, nalala. Mtu niliyemtema akifunga moja, tena la kugongwa mgongoni, naliona mpaka usingizini. Pointi za huyo wa pili ni chache zaidi. Lakini bao lake lina mashahidi. Na ukiendelea kumshikilia pamoja na wenzako wote, akikuangusha mnaanguka pamoja, na kifo cha wengi harusi. Ndiyo maana Palmer alikaa kwenye timu za karibu kijiwe kizima mechi 18: si kwamba tulimwamini, kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake atangulie.

Na kuna wakati kuchekwa kunageuka kuwa uhaini. Waulize waliokuwa na fantasi mwaka 2020. Januari ile Mbwana Samatta alisajiliwa na Aston Villa akitokea Genk, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Februari 1, mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Bournemouth, akafunga kwa kichwa. Villa walifungwa 2–1, lakini nani alihesabu? Bukoba nzima ilimnunua. Watu walimpa unahodha, pointi mara mbili, wakiwaacha nje wafungaji wenye viatu vya dhahabu nyumbani kwao. Machi 1 akafunga tena, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na bao la kombe halihesabiki kwenye fantasi. Tulishangilia bure na tulishangilia sana. Halafu korona ikasimamisha ligi, ligi ikarudi Juni, bao la pili la ligi halikuja, na Septemba akaenda zake Fenerbahçe. Kwa miezi yote hiyo, nani angethubutu kumuuza? Kinyozi alitangaza hadharani kwamba atakayemtema Samatta atafute pa kunyolewa. Nilikuwa na nywele nyingi. Nilimshikilia.

Kagera Sugar, timu yetu ya hapa, nayo ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, na hakuna aliyeitema. Mzalendo wa hapa atakukumbusha Mei 2018, siku Simba wanakabidhiwa kombe pale Uwanja wa Taifa, Rais Magufuli yupo jukwaani, Simba hawajafungwa msimu mzima, Wanankurukumbi, yaani Kagera Sugar, wakawafunga moja bila. Mtu anaishi na bao moja miaka mingi. Kaitaba, uwanja wao, haina kitufe cha kuuza, na ni afadhali.

Nimemweka mwisho shemeji yangu, mke wa kaka, kwa sababu ananiuma kuliko wote. Agosti 2025 kaka alimwandikisha kwenye ligi yetu ili idadi itimie. Shemeji hajui kuotea ni nini, lakini ni mama wa Legio ya Maria, akachagua wachezaji kwa majina ya watakatifu. Gabriel wa Arsenal, kwa ajili ya malaika. Bruno Fernandes, kwa sababu kuna Mtakatifu Bruno. Matheus Cunha, mwinjili. Moisés Caicedo, ingawa alisita kidogo kwa kuwa Musa ni wa Agano la Kale. João Pedro alimfurahia hasa: Yohane na Petro, watakatifu wawili kwa bei ya mmoja. Alipomaliza akafunga simu, na wiki iliyofuata akasahau nywila. Hajaingia tena mpaka leo. Hatemi mtu, hashikilii mtu, hajui nani ameumia, na yuko juu ya mwalimu wa hisabati.

“Shemeji,” nilimuuliza kwa heshima zote, “huyu wako hajafunga muda mrefu. Tukikutafutia nywila mpya, humtoi?”

“Nimtoe nimpeleke wapi, shemeji?”

Kaka akacheka mpaka akamwaga chai.

Kwa sasa ninaye kiungo mmoja. Sitamtaja jina, maana hawa watu husikia. Nilimnunua kwa bei ya juu, akanipa wiki moja ya raha, na tangu hapo anapiga mashuti yanayookotwa na wauza karanga. Mwalimu anasema yatakuja. Dereva wa Hiace anasema mimi ni mtu wa ajabu kuwa naye mpaka leo, na amekwisha kuulizia bei yake mara kadhaa kwa sauti ya mtu asiye na haja. Nimeamua. Namtema wiki hii, na natangaza hapa hadharani bila woga, kwa sababu magazeti ya Dar es Salaam yakifika Bukoba saa ya mwisho itakuwa imepita na hakuna atakayewahi kumnunua. Akifunga Jumapili, msihangaike kunipigia simu. Nitakuwa Kamachumu, bondeni kwenye kibanja cha mama, kule ambako mtandao haufiki.